Kuzuia Kutapika Damu kwa Watu Wenye Ugonjwa wa Ini

Si jambo geni katika Ukambani kusikia habari ya mtu aliyekula chakula chake cha jioni pamoja na watu wa nyumba yake, akaenda kulala, na usiku wa manane akaamka akatapika damu, beseni zima, na kabla ya mapambazuko akawa amekwisha fariki. Jambo la namna hii hutia hofu kuu. Kwa kuwa mtu huyo hakulalamika maumivu yo yote, watu huanza kuulizana ni nani aliyemlisha sumu, au ni jirani gani aliyekuwa na ugomvi naye juu ya mpaka wa shamba. Matanga hayajaisha, na tayari kuna nyumba mbili zisizosemezana.

Yafaa ijulikane kwamba mara nyingi kifo cha namna hii hakina mkono wa mtu. Vidonda vya tumbo vyaweza kukileta. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo hujijenga mwilini kwa miaka mingi bila kelele: ni mishipa ya damu iliyovimba ndani ya umio, yaani ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Huwapata watu wenye ugonjwa wa ini. Tena, na hili ndilo neno kubwa la somo hili, kwa wagonjwa wengi damu hiyo yaweza kuzuiliwa kabla haijatoka hata mara moja, mradi ugonjwa ujulikane mapema.

NJIA KUU IKIZIBWA

Watu wa Sultan Hamud hawahitaji kufundishwa habari za njia. Mji wenyewe ulizaliwa na reli, ukapewa jina la Sultani Hamud bin Mohamed aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hadi 1902. Na leo barabara kuu ya Nairobi na Mombasa yapita pale mchana na usiku ikiwa imejaa malori. Basi na achukue msomaji mfano wa barabara hiyo.

Lori moja likipinduka likaziba njia, malori yaliyo nyuma hayarudi bandarini. Madereva hutafuta vichochoro. Huingia barabara za udongo zinazopita kati ya mashamba, na kuvuka vidaraja vilivyojengwa kwa ajili ya mikokoteni ya punda na baiskeli. Lori la kwanza huvuka salama, na la kumi huvuka. Anayekaa karibu na kidaraja haoni kitu ila vumbi. Halafu siku moja kidaraja huvunjika, na kila mtu hushangaa, ingawa uzito ulikuwa ukikielemea tangu barabara kuu ilipozibwa.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Damu yote inayotoka tumboni, katika matumbo na katika wengu (ambao wengine huuita bandama) hukusanyika katika mshipa mmoja mkubwa na kuingia katika ini. Ini huipokea, huisafisha, hugawa chakula kilichomo, kisha huiruhusu iendelee kwenda moyoni. Kwa mtu mwenye afya msukumo wa damu katika mshipa huo ni mdogo. Ule unaozidi msukumo wa damu inayotoka upande wa pili wa ini haufiki milimita 5 za zebaki. Lakini ini likijaa makovu, damu haipati pa kupita. Msukumo ukifika milimita 10, damu huanza kupanua vichochoro, na kimojawapo ni mishipa myembamba iliyo chini ya ngozi laini ya umio. Ukifika milimita 12 na kupita, mishipa hiyo yaweza kupasuka.

Mishipa hiyo haiumi wala haiwashi, wala haimzuii mtu kumeza ugali wake. Hapo ndipo hatari yake ilipo. Madaktari wamehesabu kwamba katika wagonjwa 100 wa ini lililosinyaa wenye mishipa ya namna hii, 5 hadi 15 hutokwa na damu katika mwaka mmoja. Wenye mishipa mikubwa na ini dhaifu zaidi ndio walio karibu zaidi na hatari. Na katika wanaotokwa na damu, wapatao 15 hadi 20 kwa kila 100 hufa katika muda wa wiki 6, hata pale penye hospitali nzuri. Mtu aliye mbali na hospitali usiku, mahali ambapo gari hutafutwa kwa simu kwa jirani wa tatu, asitegemee hesabu hiyo ya wenye hospitali karibu.

YANAYOLIZIBA INI

Ukambani una sababu yake ya pekee ya kulitazama jambo hili, nayo ni kichocho. Wengi wanakijua kichocho cha mkojo, kile kinachomfanya mtoto akojoe damu. Kipo na kichocho cha matumbo, kisichojionyesha waziwazi, nacho ndicho kinacholidhuru ini. Mdudu wake ni mnyoo mwembamba wenye urefu wa sentimita moja hivi. Minyoo ya kichocho ilionekana kwa mara ya kwanza na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851. Mnyoo huyu huishi ndani ya mishipa ya damu ya matumbo, jike na dume pamoja, na jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mayai mengine hutoka na choo. Yaliyobaki huchukuliwa na damu mpaka ndani ya ini, yakakwama katika matawi madogo ya ule mshipa mkubwa, na mwili huyazungushia makovu. Mwaka 1904 daktari mmoja huko Misri, jina lake Symmers, alipolipasua ini la namna hii aliona makovu meupe yaliyosimama kama vijiti vya kiko cha udongo. Mfano huo ungali ukitumiwa na madaktari hata leo, ingawa viko vyenyewe havionekani tena.

Katika wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991 ulilinganisha watoto wa Kangundo na watoto wa Kambu, kule chini ya Kibwezi kwenye barabara ya Mombasa. Pande zote mbili palikuwa na kichocho. Lakini watoto wa Kambu ndio waliokuwa na maini na wengu zilizokua kwa wingi zaidi. Wachunguzi waliofuata huko Makueni walionyesha kwamba malaria inapokutana na kichocho katika mtoto mmoja, uvimbe huzidi. Haifai kudhani kwamba kila mtoto mwenye wengu mkubwa ana mishipa iliyovimba katika umio. Aliye wengi hana, na wengu wake hurudi akitibiwa. Lakini yafaa kujua kwamba mlango wa maradhi haya umo mtoni na kisimani, na kwamba mtu huuingia akiwa mdogo ili aje aone matokeo yake akiwa na watoto wake mwenyewe.

Kuna jambo la kutia moyo katika kichocho. Makovu yake huziba njia za damu, lakini nyama yenyewe ya ini aghalabu hubaki ikifanya kazi. Kwa hiyo mgonjwa wa kichocho akizuiliwa asitokwe na damu, aweza kulima, kufanya biashara na kulea watoto kwa miaka mingi. Kumpoteza mtu wa namna hii kwa usiku mmoja ni hasara isiyostahili.

Sababu nyingine ni pombe inywewayo sana kwa miaka, iwe ni uki, chang'aa au chupa za dukani, maana ini haliulizi kinywaji kimetengenezwa wapi. Iko homa ya ini ya namna ya B na ile ya C, ambazo huingia kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto anapozaliwa. Hizi, tofauti na kichocho, huharibu nyama ya ini yenyewe, likasinyaa na kuwa gumu.

Na mtu wa Makueni hawezi kuzungumza juu ya ini bila kuikumbuka sumu ya kuvu ya mahindi, aflatoksini. Mwaka 1981 watu 20 waliugua katika sehemu hizi na 12 wakafa. Mwaka 2004 mambo yalikuwa makubwa zaidi: katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa, kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu hao waliuawa na ini lililokufa ghafula, si na mishipa ya umio. Lakini sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo huliongezea madhara ini lililokwisha kuumia, na huleta saratani ya ini. Kwa hiyo mwenye ini bovu ana sababu mbili za kutupa mahindi yenye kuvu. Wala asiwape kuku au ng'ombe, kwa maana sumu hiyo huingia katika maziwa.

NANI ACHUNGUZWE

Ikiwa mishipa haiumi, itajulikanaje? Itajulikana kwa kuwatafuta wale ambao huenda wanayo. Mtu mzima mwenye uvimbe mgumu upande wa kushoto chini ya mbavu, aliyeuzoea hata akauona kuwa ni sehemu ya mwili wake, apaswa kwenda hospitali. Vilevile aliyewahi kuambiwa kuwa ana homa ya ini, aliyekunywa pombe nyingi kwa miaka, mwenye tumbo lililojaa maji, na ambaye macho yake huwa manjano mara kwa mara. Na aliyekulia kando ya mto wenye kichocho akawa na uvimbe wa tumbo utotoni asidhani kuwa amepona kwa sababu tu amekua.

Hospitalini kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hakihitaji mashine za ajabu. Huhesabiwa zile chembe ndogo zinazogandisha damu. Wengu uliovimba huzizuia chembe hizo ndani yake, kwa hiyo hesabu ikiwa chini ya 150,000 katika tone dogo la milimita moja ya mraba kwa kimo cha milimita moja, daktari hupata shaka. Kisha hufanywa picha ya mawimbi ya sauti, ile wajawazito waijuayo kwa jina la altrasaundi. Huonyesha ukubwa wa wengu, upana wa ule mshipa mkubwa, na yale makovu ya Symmers.

Kipimo cha kuyaona mambo yenyewe ni mpira mwembamba wenye kamera na taa mwishoni mwake, unaopitishwa kinywani mpaka tumboni. Wengi huuogopa. Mgonjwa hupuliziwa dawa ya kutia ganzi kooni, na wengine hupewa dawa ya usingizi. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na aghalabu mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Kipimo hiki hupatikana katika hospitali kubwa kama ile ya Kenyatta mjini Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Sultan Hamud. Si karibu, na nauli si kidogo. Lakini ni safari ya mchana, ya mtu anayetembea kwa miguu yake, aliyejipangia siku. Ile nyingine hufanywa usiku, mgonjwa akiwa amelazwa katika kiti cha nyuma cha gari la kukodi.

Asiyekutwa na mishipa hurudi kutazamwa baada ya miaka miwili au mitatu, au mapema zaidi ikiwa ini lake lazidi kuharibika. Aliyekutwa nayo huingia katika matibabu ya kuzuia.

KIDONGE CHA KUTULIZA MSUKUMO

Dawa inayotumiwa zaidi huitwa propranololi. Iligunduliwa Uingereza katika miaka ya 1960 na James Black, kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Ufaransa walitambua kwamba dawa hiyo hupunguza pia damu inayoingia katika mshipa wa ini. Huupunguza mwendo wa moyo na kuibana mishipa ya matumbo, kama askari wa barabarani anayezuia malori huko nyuma ili vichochoro visielemewe. Kovu la ini halitoki. Ila uzito hupungua.

Faida yake imepimwa. Majaribio mengi yakijumlishwa pamoja, katika wagonjwa 100 wenye mishipa mikubwa au ya wastani wasiopewa dawa, wapatao 25 walitokwa na damu katika miaka miwili. Waliopewa walikuwa kama 15. Msomaji mwenye haraka atasema 10 si wengi. Lakini hao 10 ni watu wanaojulikana kwa majina katika vijiji vyao, nao waliokolewa kwa kidonge cha bei nafuu. Majaribio hayo, hata hivyo, yalifanywa zaidi kwa wagonjwa wa ini lililosinyaa kuliko wa kichocho. Kwa wa kichocho madaktari huitumia dawa hiyo hiyo kwa kuwa msukumo ni ule ule.

Iko na dawa ya jamaa moja nayo, kavediloli, ambayo huushusha msukumo zaidi na ambayo siku hizi madaktari wengi huipenda. Uchunguzi uliofanywa Hispania na kutangazwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 201, ulionyesha kwamba dawa za jamaa hii zikianzwa mapema kwa mtu ambaye msukumo wake umekwisha kupanda huchelewesha pia maji ya tumboni. Kwa ajili ya hayo, mahali ambapo mpira wa kamera haupatikani upesi, daktari aliyeziona dalili za kutosha za ini lililosinyaa na msukumo uliopanda aweza kuanza dawa bila kuungoja. Hilo ni la daktari kuamua, wala si la mwenye duka la dawa.

Propranololi huanzwa kwa kipimo kidogo, aghalabu miligramu 20 hadi 40 mara mbili kwa siku, kisha daktari huongeza polepole. Alama ya kwamba kipimo kimetosha ni mapigo ya moyo: yawe 55 hadi 60 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Mgonjwa yeyote anaweza kufundishwa kujihesabia. Aketi kwanza kwa dakika tano. Aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka asikie mshipa ukigonga. Kisha ahesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu yake, na kuandika idadi katika daftari. Mke au mtoto asomaye shule aweza kumfanyia. Mapigo yakishuka chini ya 50, au mtu akisikia kizunguzungu anaposimama, arudi kwa daktari bila kungoja siku aliyopangiwa.

Si kila mtu anayefaa kupewa dawa hii. Mwenye pumu asiitumie, kwa maana hubana njia za pumzi. Mwenye moyo uendao polepole mno kwa asili naye haimfai. Mwenye kisukari anayechoma sindano amwambie daktari, kwa kuwa dawa hii huficha zile dalili za kutetemeka na moyo kwenda mbio ambazo humjulisha kwamba sukari imeshuka. Na yule ambaye tumbo limejaa maji na msukumo wa damu mkononi umeshuka chini ya 90 hupunguziwa dawa au kusimamishwa kwa muda.

Ugumu wa dawa hii hautokani na bei. Mgonjwa huimeza akiwa hajisikii vibaya, na akiimeza huweza kujisikia mchovu kidogo, mikono ikawa baridi, na baadhi ya wanaume huona nguvu zao za ndoa zimepungua, jambo ambalo hawalisemi. Baada ya miezi miwili husema: "Nilikuwa mzima kabla ya vidonge hivi." Huacha. Na kuacha ghafula ni kubaya kuliko kutoanza polepole, maana moyo na msukumo huruka juu kwa mara moja. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa daktari waziwazi, hata lile la ndoa. Iko kavediloli, iko njia ya kupunguza kipimo, na iko njia nyingine isiyo ya vidonge kabisa.

KUFUNGA MISHIPA

Njia hiyo nyingine hufanywa kwa ule ule mpira wa kamera. Mwishoni mwake hutiwa kikombe kidogo chenye vipete vya mpira. Daktari akiuona mshipa uliovimba huuvuta ndani ya kikombe kwa hewa, kisha huachia kipete kimoja kikaubana shingo, kama vile mkulima afungavyo kitovu cha ndama. Baada ya siku chache sehemu iliyobanwa hufa na kuanguka, na mahali pake huota kovu. Kazi hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 8 mpaka mishipa yote itoweke, kisha mgonjwa hutazamwa tena baada ya miezi michache, na baadaye mara moja kwa mwaka hivi, kwa sababu mishipa hurudi.

Katika kuzuia damu ya kwanza njia hizi mbili zakaribiana kwa nguvu. Kidonge hufaa kwa aliye mbali na anayeweza kukumbuka. Vipete hufaa kwa mwenye pumu au aliyeshindwa na dawa, maadamu aweza kurudi hospitali kila anapoitwa. Baada ya kufungwa, vidonda vidogo huachwa katika umio, navyo mara chache vyaweza kutoa damu; kwa hiyo mgonjwa hula vyakula laini siku za kwanza.

Zamani palijaribiwa njia kali zaidi. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani waliwapasua wagonjwa ambao hawajatokwa na damu, wakaunganisha mshipa wa ini na mshipa mwingine mkubwa ili damu ilipite ini kando. Damu ya umio ilizuilika kweli. Lakini wagonjwa hawakuishi zaidi, kwa sababu damu isiyosafishwa na ini ilifika kichwani ikawavuruga akili, na ini lenyewe likadhoofu. Tangu hapo imekuwa kanuni kutomfanyia mtu asiyetokwa na damu jambo lililo hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

MAMBO YA NYUMBANI

Pombe iachwe, si kupunguzwa. Kwa mlevi wa miaka mingi kuacha ghafula kwaweza kuleta kutetemeka na hata kifafa, kwa hiyo afadhali aache chini ya macho ya mganga. Ini la mtu aliyeacha hupata nafuu, na msukumo waweza kushuka bila dawa.

Dawa za maumivu za dukani zina hatari isiyojulikana na wengi. Mkulima mwenye mgongo unaouma hununua aspirini, ibuprofeni au diklofenaki kama anunuavyo chumvi. Dawa hizi huchubua tumbo, hudhoofisha kuganda kwa damu na hudhuru figo za mwenye ini bovu. Parasetamoli ndiyo iliyo salama kwake, isizidi gramu 2 kwa siku nzima, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Mizizi na majani yanayochemshwa kwa ajili ya ini nayo aghalabu huliongezea kazi.

Juu ya chakula pana maneno mengi. Wengine humkataza mgonjwa muthokoi kwa kudhani kwamba punje ngumu zitampasua mishipa. Kinachopasua ni msukumo wa damu kutoka ndani, si punje ipitayo nje. Mgonjwa ale ashibe, apate maharagwe, ndengu, mayai na nyama kadiri awezavyo. Ila mwenye maji tumboni apunguze chumvi.

Aliye na kichocho hutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, imezwayo siku moja. Kwa mtoto dawa hii huua minyoo na mara nyingi ini na wengu hurudi hali yake. Kwa mtu mzima mwenye makovu ya siku nyingi minyoo hufa lakini makovu huweza kubaki, na kwa hiyo haimwondolei haja ya kutazamwa umio. Watoto wachanga wapelekwe kupata chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambamo imo kinga ya homa ya ini ya B.

IKIWA DAMU IMETOKA

Hakuna kinga inayoshinda mara zote. Damu ikitapikwa, au choo kikiwa cheusi, kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa damu imekoma, maana hurudi. Alazwe kwa ubavu asije akapaliwa. Asipewe maziwa, chai wala dawa ya kunywa. Daftari lake la mapigo na vidonge anavyotumia vichukuliwe pamoja naye, na wafuatane naye ndugu wawili au watatu wenye afya walio tayari kutoa damu.